Viboko Uliokataa Kuwahesabu

Mpendwa Tata, baba yangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzunguka. Mgeni akikaa na kuanza habari za mvua, mara ng'ombe, mara ubovu wa barabara ya Nyamwaga, ulimkatiza: "Sema kilichokuleta, chai itakuja yenyewe." Basi kilichonileta ni viboko. Viboko na ile fomu.

Niko barazani kwa mama. Nimetoka mtoni asubuhi hii, na viatu vyangu vya matope amevikataa ndani, kwa hiyo nimekaa hapa nje miguu peku, daftari mapajani. Kaburi lako naliona kutoka hapa, kando ya migomba. Huu ni mwaka wa pili tangu tukulaze pale, na tangu wakati huo kituo chako cha kuangalia mto nimekishika mimi. Mara tatu kwa mwezi naacha cherehani yangu mjini Turwa, nafika Nyamwaga, napanda bodaboda hadi njia inapokwisha, halafu nateremka kwa miguu mpaka kwenye lile jiwe bapa ulilokuwa unakalia. Najua barua hii itasomwa na wengine. Sijali. Ni ya kwako, na wao wasikie.

Unakumbuka siku mradi wa kuangalia mto ulipokuja? Dada Sekunda, yule mtaalamu wa maji kutoka Musoma, alifika na sinia nyeupe, wavu mdogo wenye mpini, mrija mrefu wa plastiki wa kupimia kama maji yana tope, na bunda la fomu. Alikuamkia shikamoo, akavua viatu, akaingia mtoni na kuanza kupindua mawe. Ulinitazama kwa pembeni ukaniuliza kwa Kikurya, "Huyu mama wa watu amepoteza nini humo?" Nikajifanya sijasikia. Alipoyasuuza yale mawe kwenye sinia tukaona wadudu waliokuwa wamejishikiza chini yake: wengine wembamba wenye mikia mitatu, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga, na vijinyoo vyekundu vinavyojinyonganyonga. Akatueleza kwamba wale wa mikia mitatu hawavumilii maji mabaya. Wakiwepo wengi, mto ni mzima. Wakitoweka vikabaki vile vyekundu tu, mto unaumwa hata kama maji yanaonekana safi.

Uliinama juu ya ile sinia muda mrefu mpaka kofia yako ikataka kuanguka ndani. "Kumbe mto nao una chawa wake," ukasema. "Na chawa wakimkimbia mtu, mjue huyo anakwenda." Dada Sekunda alicheka hadi akakaa kwenye mchanga. Kuanzia siku hiyo ulikuwa mwanafunzi wake, na yeye alikuwa binti yako mwingine.

Shida ilikuwa mstari wa nne wa fomu. Idadi ya viboko.

"Hapa wanataka nini?" uliniuliza.

"Namba, Tata. Wako wangapi pale kilindini."

"Mwambie sisi hatuhesabu watu."

"Mzee," Dada Sekunda akasema kwa adabu, "hawa ni viboko."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye angejuaje kwamba kiboko ni mnyama wa ukoo wetu, kwamba hatumli na wala hatumtaji kwa dharau? Angejuaje kwamba kwenye mji wako hakuna aliyewahi kuhesabu ng'ombe? Jioni ulisimama mlangoni pa boma, wakapita mbele yako wakisukumana, na mwisho ukasema tu, "Yule wa madoa bado." Hukuwahi kukosea. Hata sisi watoto hukutuhesabu. Mtu akikuuliza una watoto wangapi ulimjibu, "Wapo wa kutosha kunizika," na mazungumzo yakaishia hapo. Dada Sekunda ulimweleza kwa upole ambao sisi wenyewe hatukuuzoea. Ulimwambia kuhesabu ni kunyoosha kidole, na kifo hakijui kusoma, kinafuata kidole. Ulimwambia utamtajia asiyekuwepo, kila mwezi, bila kukosa, lakini namba asikudai. Hakubishana nawe. Alinigeukia mimi niliyemaliza kidato cha nne akasema, "Basi mtasaidiana."

Hivyo ndivyo mstari wa nne ulivyoniangukia.

Mwezi wa kwanza nilihesabu kweli. Nilisimama nyuma yako, mikono ndani ya kanga, nikikunja vidole kimyakimya. Walikuwa kumi na tisa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye jiwe lako na redio ndogo iliyozimwa, ukiwataja kwa majina uliyowapa mwenyewe. Mama Kovu, mwenye alama ndefu mgongoni. Mkata Sikio. Wale wawili wa ng'ambo, upande wa Serengeti, ambao ulisema wanagombana kama wake wenza. Na Mwalimu, yule dume aliyekaa peke yake kichwa juu, akiwatazama wengine. Mmoja akisogea karibu mno na akina mama wanaochota maji, ulisimama ukamfokea, "Mura, kijana wewe, toka hapo! Huoni kuna watu?" Na kwa kweli alitoka. Nilikuwa msichana mkubwa, lakini asubuhi ile nilijisikia mwenye bahati kuliko watu wote wa Tarime.

Halafu nikahamia Turwa, nikapata fundi wa kunifundisha, nikapata chumba, nikapata mume. Nyumbani nikawa naja mwisho wa mwezi tu. Wadudu tuliwaokota pamoja na kuwahesabu mmoja mmoja, kwa sababu wadudu hukuwakatalia. "Hao hesabu tu, hawana ukoo," ulisema. Maji tuliyapima. Ndege uliwataja nami nikaandika. Tukifika mstari wa nne ulifumba macho kidogo ukaniambia nani hayupo. Nami nikaandika kumi na tisa.

Mwezi uliofuata kumi na tisa. Mwaka uliofuata kumi na tisa. Hata baada ya kukuzika, kumi na tisa, ila pale pa sahihi nikapaacha wazi.

Niseme ukweli wote, maana sina nguvu ya kusema nusu. Nimejitetea moyoni miaka mingi kwamba fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba Mama Kovu hajaonekana tangu mvua ziishe. Uongo. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili ya Maelezo Mengineyo. Wewe umekaa mbele yangu umeniambia, "Mama Kovu hayupo, na mtoto wake hayupo, na wale wa ng'ambo siku hizi amebaki mmoja, hana wa kugombana naye," na mimi kwenye mistari hiyo nikaandika: hakuna. Nilikuwa na haraka ya gari la kurudi mjini. Nilikuwa na sare za shule za kushona. Niliogopa pia, kwamba nikibadili namba watauliza nimeihesabu lini, na wewe utajua kwamba siku ile ya kwanza, nyuma ya mgongo wako, nilinyoosha kidole.

Siku aliyokufa Mwalimu naikumbuka kwa uchungu. Ilikuwa kiangazi, kilindi kimepungua mpaka miti ya chini ikaonyesha mizizi, na mafunjo ya ukingoni yalikuwa yamechomwa ili watu wapate mahali pa kulima. Alikwama kwenye tope hatua chache kutoka majini. Ulikwenda ukasimama mbali kidogo, kofia mkononi, jua la saa sita likikupiga kichwani, na hukula mchana ule wala jioni. Mama alirudisha chakula jikoni. Mwisho wa mwezi nilikuja na fomu yangu. Uliniambia, "Mwalimu hayupo," ukachukua kalamu ukaweka sahihi yako chini ya kumi na tisa.

Sasa sikiliza matunda yake. Hesabu ya wadudu, ile ya kweli, ilikuwa inashuka mwaka hadi mwaka. Wale wa mikia mitatu tulikuwa tunawatafuta kwa taabu. Lakini huko ofisini, wakiweka karatasi zetu pamoja, waliona wadudu wanaisha na viboko wametulia pale pale, wakaandika kwamba viboko wa kituo hiki wanavumilia. Namba yangu ya uongo iliishinda ya kweli. Kisha wakakuletea cheti cha mwangalizi bora wa mto, mama akakitundika sebuleni juu ya kabati la vyombo, na kule mtoni wakasimika kibao: Kituo cha Mzee Marwa. Ulisimama kando ya kile kibao ukapigwa picha, umekunja uso kama kawaida yako, na mimi ndiye niliyeishika simu.

Kiangazi hiki mvua zimetutupa tena. Mwita, mtoto wa mdogo wako, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima siku hizi, na wamepata mtu wa kuwafungia pampu kubwa ya kunyonya maji kilindini kwa ajili ya mashamba ya mahindi. Sitamsema vibaya. Mahindi yake nimeyaona, majani yamejikunja kama sigara. Lakini kile kilindi ndicho mahali pekee penye kina upande wetu miezi hii. Kikinyonywa, viboko watapanda mashambani, na wewe unajua mwisho wake: mtu atakufa, halafu bunduki zitakuja kuwamaliza.

Kwenye mkutano wa kijiji Mwita alisimama na karatasi akasoma: "Kwa mujibu wa kumbukumbu za marehemu Mzee Marwa, viboko hawajapungua hata mmoja, kiangazi kwa kiangazi. Kwa hiyo pampu haina madhara." Watu wakakupigia makofi. Makofi marefu, Tata, ya heshima. Mama alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Na mimi niliyekuwa nimekaa karibu naye nilipiga makofi pia.

Wiki nzima sikulala vizuri. Nilishona sare moja mikono ikageuka nje ndani. Nikinyamaza, kilindi kinakwisha kwa namba yangu. Nikisema, sahihi iliyo chini ya karatasi za miaka yako yote ni ya kwako, na watu hawataniita mimi mwongo, watakuita wewe, na huna mdomo wa kujibu. Nilipima hivi na hivi mpaka mume wangu akaniambia ama niseme ama niugue, nichague moja.

Jumamosi nikaja kumwambia mama kwanza. Alikuwa anapepeta wimbi hapa hapa barazani. Nilimweleza yote, kumi na tisa zote, na ungo wake haukusimama.

"Baba yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba unaandika uongo. Wewe unafikiri namba alikuwa hazisomi? Alisoma hadi darasa la nne yule." Akapuliza makapi. "Nilimwambia amwite Bhoke amuulize. Akaniambia niache. Akasema maadamu namba ni ya uongo, haijamhesabu yeyote, na viboko wake wako salama."

Nilikaa chini sakafuni. Mama akaendelea na wimbi wake.

Nilikukasirikia, Tata, nakuambia wazi kwa sababu sijawahi kukukasirikia ukiwa hai. Miaka yote nilijiona mwizi mbele yako. Kumbe wewe ulikuwa unaweka sahihi kwa raha, unaona nimekusaidia kuwaficha. Mimi nilikuwa nakukinga wewe usijue, wewe ulikuwa unawakinga wao wasihesabiwe, na wao walikuwa wanakwisha mmoja mmoja mbele ya macho yako na masikio yangu. Wewe ndiye uliyemjua kila mmoja wao. Hakuna mtaalamu aliyekukaribia kwa kuwajua. Na yote uliyojua nimeyamwaga mimi. Hasira ilipopoa nililia, kwa sauti, kama siku ya mazishi, na mama akaniletea uji.

Jumatatu nilimwambia Dada Sekunda. Nilimfuata Musoma, ofisini kwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote, Bhoke?"

"Kasoro mwezi wa kwanza."

Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nimesimama kwenye mikutano mingi nikikitaja kituo hiki," akasema. "Nilikuwa najivunia." Basi. Hakupandisha sauti. Angenigombeza ningepona haraka. Kisha akaniomba nimtajie wale uliokuwa unaniambia hawapo, wote ninaowakumbuka, na mwezi kama naukumbuka, akaandika. Nilikumbuka wengi kuliko nilivyodhani. Sauti yako ilikuwa inawasema yenyewe. Lakini akaniambia kwamba kumbukumbu ya kichwani haiwezi kukaa mahali pa hesabu, na kwamba mstari wa nne wa miaka yako yote utafutwa. Wadudu watabaki. Pampu itasubiri kibali hadi mwisho wa kiangazi, na kiangazi chote hiki nihesabu upya, kweli kweli, mara tatu kwa wiki. Kibao watakiondoa.

Habari zilifika kijijini kabla yangu. Mwita alinikuta njiani, hakusalimia. "Umemwanika mzee juani ili viboko wanywe maji?" akaniuliza. "Na watoto wangu wale nini, tope?" Nilipofika nyumbani nilipanda kwenye kigoda ili niteremshe cheti chako kabla wengine hawajaanza kukisema. Mama akanishika gauni. "Kiache hapo," akasema. "Wadudu alihesabu kweli." Kwa hiyo kipo, Tata, juu ya kabati la vyombo, kimepinda kidogo kushoto.

Leo ilikuwa siku ya kwanza. Dada Sekunda alikuja mwenyewe, akakaa kwenye nyasi pembeni yangu. Siku hizi utaratibu ni mmoja kuhesabu kwa sauti na mwenzake kurudia, mara tatu, na kati ya raundi na raundi kungoja kidogo ili waliozama waibuke kupumua. Maji yalikuwa yametulia, ya rangi ya chai ya maziwa. Niliona pua ya kwanza ikitoa mvuke. Nilimwambia Dada Sekunda hesabu wewe, mimi nitarudia. Akasema hapana, Bhoke, kituo ni chako.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mmoja. Mkata Sikio alikuwa wa tatu, amekonda, sikio lake lile lile. Niliendelea mpaka maji yakawa hayana kitu tena, nikangoja, nikarudia, nikangoja tena, na kila raundi sauti yangu iliishia mahali pamoja. Kisha nikaijaza fomu mwenyewe, na pale chini ulipokuwa unaweka sahihi yako nikaweka ya kwangu.

Wako saba, Tata. Nimewahesabu wote, kwa sauti, na maji yakasikia. Keshokutwa natakiwa nirudi kuwahesabu tena, na naogopa kwenda.

Lala wewe. Zamu ni yangu.

Binti yako,
Bhoke